Shangazi wa Tanga Anajibu: Kufuli la Uwanja, Bwawa la Rotterdam na Giza la Saa Tisa

Barua za safari hii zimekuja kama zilizoambizana njiani. Karibu zote zinalia kilio kimoja: nimefika Ulaya, kazi ninayo, chumba ninacho, hita inafanya kazi, lakini mwili umelala. Nicheze wapi, nicheze na nani, na baridi hii je?

Kwa wasomaji wapya, mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, kule ambako mitaa inaitwa kwa namba. Mume wangu ni mtu wa makontena, nasi tumeyafuata makontena kama kuku anavyomfuata mwenye mchele: Copenhagen mwaka 2007, kisha Rotterdam, kisha Leipzig, na sasa Vienna. Shuleni nilikuwa mfungaji wa netiboli. Ushahidi ni goti langu la kushoto, ambalo hutabiri mvua kuliko redio.

Haya, tuanze.

*Shikamoo Shangazi. Niko Leipzig mwaka wa kwanza, nimetoka Mwanza kuja kusoma. Nyumbani nilikuwa winga wa timu ya mtaa. Jioni nikisikia mpira unadunda tu, nimeshatoka. Hapa nimezunguka na njumu kwenye begi wiki tatu nzima. Viwanja vizuri, majani kama zulia, lakini vimefungwa kufuli na ndani hamna mtu. Jumapili moja niliruka uzio nikapiga danadana peke yangu. Akaja mzee na mbwa, akanifokea mpaka nikatoka. Wajerumani hawa mpira wanachezea wapi? — Winga Bila Timu*

Marahaba mwanangu. Huyo mzee namjua. Labda si yeye hasa, ila kila uwanja Ujerumani una wake. Anaitwa Platzwart, mlinzi wa uwanja, na yale majani kwake ni kama shamba la mpunga: anayamwagilia, anayakata, anayapumzisha, na anajua kila aliyeyakanyaga. Ulimkosea adabu bila kujua. Yeye hakukuchukia wewe, alichukia viatu vyako.

Kwetu mpira unakukuta mlangoni. Ujerumani mpira una daftari. Kuna neno moja ambalo ukilijua umepata ufunguo wa kufuli lile: Verein, yaani klabu ya wanachama. Nchi ile ina vilabu vya michezo zaidi ya 80,000, na hata timu ambayo kipa wake ni fundi bomba na beki wake amezeeka ina katiba, mweka hazina na mkutano mkuu wa kila mwaka. Mara ya kwanza nilipompeleka mwanangu kwenye mazoezi, nilipewa fomu ndefu kuliko ile ya viza. Nikacheka, nikaijaza.

Fanya hivi. Tafuta klabu mbili au tatu zilizo kwenye njia ya tramu yako. Usiandikie timu ya kwanza. Andikia kocha wa timu ya pili au ya tatu, zile zinazocheza Kreisklasse, ngazi za chini kabisa za wilaya. Huko ndiko wachezaji huumia mgongo kila wiki na nafasi hupatikana. Mwambie unaomba Probetraining, mazoezi ya majaribio. Hayo hulipii. Kwa kawaida wanafanya mazoezi jioni mbili kwa wiki na mechi ni mwisho wa juma. Wakisema saa moja jioni, wanamaanisha saa moja kasoro dakika kumi umeshafunga kamba za viatu. Ukifika mpe mkono kila mtu, hata yule anayevaa soksi kwa hasira.

Wakikupenda, utaandikishwa na kupewa kibali cha mchezaji. Hapa sikiliza vizuri: kama Mwanza uliwahi kusajiliwa kwenye ligi rasmi, sema tangu mwanzo. Uhamisho wako utapita kwenye shirikisho la huko na la kwetu, nao huchukua muda. Vijana hudanganya kwamba hawajawahi kusajiliwa popote, kisha jina linaonekana na timu inaponzwa. Wewe subiri. Wakati wa kusubiri unaruhusiwa kufanya mazoezi, na ndipo Kijerumani chako kitakapoanza kutembea, maana maneno “nipe”, “mtu nyuma yako” na “mbona hukupasi” hayafundishwi darasani.

Ada ya mwaka ni ndogo ukilinganisha na jimu, na mwanafunzi mara nyingi hulipa pungufu. Lakini klabu haitaki hela zako tu. Siku moja utaambiwa ukauze soseji kwenye mechi ya watoto. Utabeba magoli. Utapewa mfuko wa jezi chafu za timu nzima ukazifue nyumbani. Usinune, ukipewa mfuko wa jezi, jua umeshakuwa wa ndani.

Tena kuna kreti. Mchezaji mgeni huleta kreti la vinywaji baada ya mazoezi, desturi hiyo wanaiita Einstand. Wengi huleta bia. Mwanangu hanywi, akabeba kreti la maji ya tufaha yenye gesi. Wakamtania wiki mbili, na kreti lilirudi tupu.

Kabla klabu haijakujibu, uliza mtaani iliko Bolzplatz. Ni kiwanja kidogo kilichozungushiwa wavu au waya, hakina kufuli wala mzee, mara nyingi ni lami au raba. Nenda saa kumi na moja jioni na mpira wako mwenyewe. Mwenye mpira hakosi timu, hilo halibadiliki hata uvuke bahari saba. Njumu ziache nyumbani, vaa raba.

*Shangazi, asalaam aleikum. Mimi mtu wa Likoni, sasa niko Rotterdam mwaka wa nne. Mwanangu wa miaka sita alialikwa sherehe ya kuzaliwa, ikawa ni bwawani. Mama wa mwenye sherehe akaniuliza, “Ana diploma?” Nikadhani ananifanyia mzaha. Kumbe watoto wote wana diploma ya kuogelea isipokuwa wangu, akakaa kwenye benchi na juisi. Niliumia. Na mimi mwenyewe sijui kuogelea, nami nimevuka feri ya Likoni maisha yangu yote. Ningependa kujifunza lakini nina stara yangu, sitaki kuiacha kwenye kabati la bwawa. — Mama wa Feri*

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya feri. Mara ya pili nilimwona mtoto na juisi yake.

Watu wa bara wakisikia tumezaliwa pwani hudhani tunazaliwa na mapezi. Mimi nimeoga bahari ya Raskazone utoto mzima, maji yakifika kiunoni narudi. Wavulana ndio waliokuwa wakijitupa kutoka kwenye ngalawa. Sisi tulikuwa tukiwashikia nguo.

Uholanzi suala ni zito kwa sababu maji yako kila mahali: mfereji mbele ya shule, mfereji nyuma ya duka, mfereji kando ya uwanja wa kuchezea. Mtoto huko anafundishwa kuogelea kama anavyofundishwa kuvuka barabara. Diploma ziko tatu, A, B na C. Mtihani wenyewe utaupenda, maana sehemu yake mtoto huogelea amevaa nguo na viatu, kwa hoja kwamba mtu haanguki mferejini akiwa amevaa chupi ya kuogelea. Kwa diploma A anapita pia chini ya maji mita tatu na kupenya kwenye tundu la turubai. Binti yangu alifanya mtihani huo na mimi juu kwenye viti nilizuia pumzi kuliko yeye.

Andikisha jina leo, foleni za masomo zinaweza kuwa ndefu. Kama kipato kinabana, kuna mfuko unaitwa Jeugdfonds Sport & Cultuur unaolipia michezo ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Mara nyingi huombi wewe mwenyewe moja kwa moja. Anaomba mtu wa kati, kama mwalimu wa shule au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kwa hiyo nenda kwa mwalimu wake, mwambie kilichotokea kwenye sherehe. Usione haya. Mwalimu wa Kiholanzi ukimwambia jambo waziwazi anafurahi, wao wenyewe ndivyo walivyo, hadi wanachosha.

Sasa stara yako. Burkini unaweza kuivaa kwenye mabwawa mengi ya Uholanzi, mradi iwe ya kitambaa cha kuogelea, si dera. Mabwawa mengine yana saa za wanawake peke yao. Uliza mapokezi, na uulize kama mlinzi wa maji saa hizo naye ni mwanamke, maana huko nyuma niliwahi kusahau swali hilo. Lakini usije ukachukulia kwamba Ulaya yote ni hivyo. Ufaransa ni hadithi nyingine. Mwaka 2022 jiji la Grenoble liliruhusu burkini kwenye mabwawa yake, na mahakama ya juu ya utawala ikakataa. Tena huko hata wanaume hukiona: akija na kaptura pana ya ufukweni anarudishwa akavae ya kubana, na mara nyingi kofia ya kuogelea ni lazima hata kwa mwenye kipara. Shemeji yangu alirudishwa mlangoni na kipara chake kinang'aa.

Denmark wana lao. Kabla ya kuingia bwawani unaoga bila nguo hata moja, kwa sabuni, na ukutani kuna picha ya mtu iliyotiwa rangi sehemu unazotakiwa kusugua. Mimi nilisimama mbele ya picha ile nimejifunga taulo kama mwali. Nilipotazama vizuri nikaona pembeni kijichumba chenye pazia. Mabwawa mengi yana kijichumba hicho, hakitangazwi, kitafute.

Na ukitaka kujua jinsi dunia ilivyo na vituko, bwawa la Yrjönkatu mjini Helsinki, lililofunguliwa mwaka 1928, ndilo lenye mpangilio ambao bibi yangu angeukubali: wanaume saa zao, wanawake saa zao, hawakutani. Tofauti ni kwamba wengi wao ndani ya hizo saa wanaogelea uchi.

Nikiwa kwenye mada hiyo, acha nijianike mwenyewe. Karibu na Leipzig kuna ziwa linaloitwa Cospudener See. Zamani lilikuwa shimo la makaa ya mawe, wakalijaza maji, sasa lina mchanga na upepo mzuri. Siku yetu ya kwanza nilifuata kibao kilichoandikwa FKK. Nilidhani ni jina la klabu, si nimewaambia kila kitu kule ni klabu? Nikatandika kanga yangu, nikatoa maandazi, nikainua macho. Watu wote, wazee kwa vijana, walikuwa kama walivyozaliwa, wanasoma magazeti. Herufi zile ni ufukwe wa watu wasiovaa. Na kanga niliyoitandika, Mungu ni shahidi wangu, ilikuwa ya “Mficha uchi hazai”. Hakuna aliyeweza kuisoma, lakini niliikunja haraka kama vile wangeweza.

Wewe mwenyewe anza na darasa la watu wazima, maji ya kifuani. Usijifunze pamoja na mwanao. Atakuzidi kwa wiki tatu na utakata tamaa. Na kama ulicheza netiboli shuleni, Rotterdam ina vilabu vya mchezo unaoitwa korfball. Mwalimu mmoja wa Amsterdam aliubuni mwaka 1902. Unafunga kwenye kikapu kisicho na ubao, kimo chake mita 3.5, juu kuliko pete yetu ya netiboli, na timu ina wanawake wanne na wanaume wanne. Mwanamke humkaba mwanamke, mwanamume humkaba mwanamume. Mimi nilicheza misimu miwili, kwa suruali ndefu na kilemba, na hakuna aliyeniuliza lolote ila kwa nini sirudi kukaba.

*Shangazi, mimi ni Mkenya wa Machakos, niko Leicester. Ofisini wananiita Kipchoge. Nilidhani ni utani, sasa wameniandikisha mbio za hisani za kilomita 10 bila kuniuliza. Mimi nyumbani hata dukani nilienda kwa boda. Nijitoe? — Si Mkimbiaji*

Usijitoe kaka. Pole lakini nimecheka.

Hapa Vienna nakaa karibu na Hauptallee, ile barabara iliyonyooka ya Prater yenye miti pande zote, zaidi ya kilomita nne. Ndipo Kipchoge mwenyewe alipokimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40, tarehe 12 Oktoba 2019. Haikuwekwa kwenye rekodi kwa sababu alikuwa na wasindikizaji waliopokezana, ila watu wa mji huu hawajali habari hizo. Mimi natembea pale na goti langu, na kuna wazee wakiniona kwa mbali wananipisha njia, wakidhani nakuja kasi.

Una bahati uko Uingereza. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi kuna parkrun, kilomita tano, bure, kwenye bustani za miji karibu yote. Ilianza London, Bushy Park, Oktoba 2004 na watu 13. Jiandikishe mara moja kwenye tovuti yao, uende na barcode yako, ile alama ya mistari wanayokupa ukijiandikisha, kwani bila hiyo muda wako hauandikwi. Nyuma kabisa kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kufunga msafara, kwa hiyo wa mwisho hutakuwa wewe kamwe. Kimbia dakika moja, tembea mbili. Wiki nane hivi utaona miguu inaanza kukuelewa.

Wakikuita Kipchoge tena, waambie Watanzania nao wapo. Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe, wote wakaandikiwa 2:09:48, tofauti sehemu tatu za mia ya sekunde. Huku ilikuwa saa nane usiku inaelekea tisa. Nilipiga vigelegele. Jirani yangu wa juu, ambaye ni Mjerumani, aligonga sakafu, na hadi leo sijui aliamshwa na mimi au naye alikuwa anatazama.

*Shikamoo Shangazi. Niko Oslo, nimetoka Bukoba. Nafanya kazi ghalani, natoka saa tisa alasiri na tayari ni giza. Narudi, nakula, nalala, nachati. Wenzangu kazini Jumatatu wanasimulia milima na theluji, mimi nasimulia YouTube. Nimenenepa, na moyo mzito. — Giza Tupu*

Marahaba mwanangu. Oslo mwezi Desemba jua huchomoza saa tatu na robo asubuhi na kuzama saa tisa na dakika kumi na kitu. Kwa hiyo hujawa mvivu, saa yako ya mwili imechanganyikiwa. Waliozaliwa huko wenyewe hawasubiri jua, wanatoka gizani.

Panda treni ya chini ya ardhi namba 1 mpaka mwisho, Frognerseteren. Ndiyo, treni ileile ya mjini, kwa tiketi ileile, na ndani utaona watu wamebeba skii kama sisi tunavyobeba mikeka. Pale juu ndio mwanzo wa msitu wa Nordmarka. Njia nyingi za skii zina taa, zinawaka jioni, na theluji yenyewe ina mwanga wake. Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kupita porini hata kama ardhi ina mwenyewe, mradi asiharibu. Hakuna kiingilio wala mzee na mbwa.

Usianze na skii. Anza na sleji. Kutoka Frognerseteren kuna mteremko wa kilomita mbili unaitwa Korketrekkeren, na jina lake maana yake ni kizibuo, kile chuma cha kusokota cha kuzibulia chupa. Unashuka umekaa, unapanda treni, unarudi juu, unashuka tena. Nilipomtembelea mdogo wangu mwezi Februari nilishuka mara moja. Breki ni visigino vyako, nami hilo niliambiwa nikiwa tayari nimeshaondoka. Niliwapita watoto wawili na baba yao, nikaingia kwenye theluji ya pembeni mpaka mabegani. Yule baba alinivuta akaniuliza, kwa utaratibu kabisa, kama hii ni mara yangu ya kwanza. Vaa kofia ngumu.

Usinunue vifaa. Norway kuna mtandao wa maghala uitwao BUA, yanaazimisha skii, sleji na viatu bure. Unaandikisha jina, unachukua, unarudisha.

Watakuambia ule msemo wao, kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya. Umenichosha msemo huo, hali mbaya ya hewa ipo na mimi nimeiona. Ila kuhusu nguo wana haki. Fulana ya pamba ndani ndiyo adui yako: inalowa jasho, haikauki, inakugandisha. Nunua seti moja ya ndani ya sufu, hata ya mtumba. Hiyo kwanza, jaketi baadaye. Jaketi kubwa la kuvutia juu ya fulana ya pamba ni sawa na kufunga geti na kuacha dirisha wazi.

Na ngozi yetu huko inahitaji msaada. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, huwashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima, si majira ya baridi tu. Mwulize daktari wako wa Oslo. Huo moyo mzito nao umwambie vilevile, usimfiche. Kule wanauona kila mwaka na hawatakushangaa.

Kazini Alhamisi, kabla hawajaanza kupanga, sema: “Jumamosi nakuja.” Hawatakualika wao kwanza. Kwao kukualika bila wewe kuuliza ni kama kukulazimisha.

*Shangazi, naona aibu kuandika. Nina miaka 44, natoka Dodoma, nafanya kazi kwenye chekechea Copenhagen. Kila Jumatano tunawapeleka watoto msituni. Wenzangu wanakwenda kwa baiskeli zile za sanduku mbele, watoto ndani. Mimi sijui baiskeli, napanda basi na mabegi ya chakula. Nimewaambia nina tatizo la mgongo. — Mgongo wa Uongo*

Shoga yangu, njoo ukae hapa karibu, hii nijibu kwa sauti ndogo.

Tanga ni mji wa baiskeli. Mchuuzi wa samaki, karani, sheikh, mwizi, wote wako juu ya baiskeli. Na baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Aliziba pancha za nusu ya Ngamiani. Nilikua nashika spoku, napiga msasa, napima upepo kwa kidole gumba. Naweza kukuvulia tairi la nyuma sasa hivi. Lakini kupanda sikujua. Hakuna aliyetukataza sisi wasichana, wala hakuna aliyetuambia haya pandeni. Baiskeli zikija mbovu zinaondoka nzima, na wanaoondoka nazo ni kaka zetu.

Copenhagen nilifika nina miaka 33, na uongo wangu mimi ulikuwa goti. Angalau goti ni la kweli.

Nilijifunza kwenye uwanja wa shule Nørrebro, kwenye darasa la wanawake wahamiaji. Tulikuwa Wasomali, Wapakistani, mama mmoja wa Iraki aliyekuwa mwalimu wa hesabu kwao, na mimi. Walimu ni wa kujitolea. Msalaba Mwekundu wa Denmark umeendesha madarasa ya namna hiyo miaka mingi. Waulize, au uliza maktaba ya mtaa wako. Yupo bibi mmoja mwenye miaka sabini na kitu aliyenishika kiunoni kwa mtandio wangu mwenyewe, akikimbia nyuma yangu. Nikianguka anasema “godt”, vizuri. Nikasimama anasema “godt”. Nikadhani hajui neno lingine.

Njia waliyotufundisha ni hii, na inafanya kazi: wanavua pedali, wanashusha kiti mpaka nyayo zako zote zinakanyaga chini, halafu unajisukuma kwa miguu kama mtoto. Siku mbili, tatu, hivyo hivyo. Usitazame tairi, tazama mbele unapokwenda. Mwili ukishajua kukaa wima, pedali zinarudishwa. Jaribu kwanza kwenye uwanja mtupu, Jumapili asubuhi, usiende barabarani hata nusu ya barabara.

Barabarani kuna adabu zake. Kaa kulia, kushoto ni kwa wanaopita. Ukitaka kusimama inua mkono juu, kama mwanafunzi anayejua jibu. Kukata kushoto kwenye makutano hakufanywi moja kwa moja. Unavuka kwanza mpaka upande wa pili, unasubiri taa, ndipo unaelekea kushoto. Taa ya mbele na ya nyuma ni lazima gizani. Saa mbili asubuhi kaa mbali na Nørrebrogade mpaka uzoee. Taa za pale zimepangwa ili mwenye baiskeli wa kilomita 20 kwa saa apate kijani mfululizo, na ukienda kilomita nane nyuma yako kengele zitalia kama harusi ya Kihindi.

Baiskeli ya sanduku iache kwa sasa. Ni nzito, na hapo mbele wamekaa watoto wa watu. Ila mwambie mwenzako mmoja ukweli, yule unayemwamini. Nakuhakikishia atafurahi zaidi kukufundisha kuliko alivyowahi kukuhurumia mgongo.

Siku nilipozunguka uwanja mzima bila kuguswa nilimpigia baba simu. Nikamweleza habari yote, bibi, mtandio, mwalimu wa hesabu aliyelia. Akanyamaza. Nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama breki ya nyuma inakamata.

Ilikuwa haikamati. Kaza yako kabla ya Jumatano.